Kwenye Foleni ya Mkate

Majira yale ya baridi umeme Tbilisi ulikuwa mgeni:
huja saa mbili usiku, hunywa chai, huaga kabla hajaketi.
Lifti zilikwama katikati ya ghorofa,
na Otia, fundi wa lifti, hakuwa na kazi
ila samaki wake.

Gapi arobaini na tatu. Aliwahesabu kila asubuhi
kwa ncha ya penseli juu ya kioo:
madume wenye mikia mipana kuliko miili,
vitambaa vilivyosahauliwa kambani siku ya upepo,
na majike wanono wa kijivu, wasiotazamwa na mtu.

Nilikuwa na miaka tisa, jirani wa mlango wa pili.
Alinifunza kwamba maji ya bomba yalale ndooni usiku mmoja,
dawa iliyomo iondoke kwanza;
theluthi moja tu ibadilishwe, mengine yabaki yakumbuke;
chakula ni chembe, kile watakachokimaliza
kabla hujamaliza kutaja jina lako na la baba yako.
"Samaki wa nyumbani hafi kwa njaa, Guranda. Hufa kwa huruma."
Sikumwelewa. Mwaka ule sote tulikuwa na njaa.

Hita ilipozima alilivika tangi blanketi la jeshi,
juu yake koti la manyoya la marehemu mkewe.
Alichemsha maji kwenye jiko la mafuta ya taa,
akajaza chupa, akaziteremsha majini mojamoja,
taratibu, kama anayemlaza mtoto asiyetaka kulala.
Kipimajoto: kumi na tisa. Kumi na nane.
Mama alimpelekea nusu birika
akinung'unika ngazini: Watu wanaganda, yeye anakanda samaki.
Lakini alipeleka. Na kesho yake akapeleka tena.

Januari mafuta yakaisha.
Madume walitangulia, mikia imefumbwa kama miavuli.
Hakuwatupa chooni. Aliwafukia kwenye chungu cha mlimau,
nao mlimau ulikuwa umekwisha kufa.

Waliobaki akawatia kwenye chupa ya mayonezi,
akaificha kifuani, chini ya sweta mbili,
akasimama foleni ya mkate tangu saa kumi alfajiri.
Nilikuwa nyuma yake, nimeshika kuponi zetu.
Walipomsukuma alijikinga kwa viwiko,
mwanamke mmoja akapiga kelele: Ana nini humo, dhahabu?
Akafungua kifungo kimoja.
Foleni nzima ikainama.
Askari mwenye bunduki begani akauliza wanakula nini.

Machi alibaki mmoja,
jike wa kijivu, mgongo umepinda kidogo,
ambaye hata mimi sikuwahi kumpa jina.
Nikasema: basi, yamekwisha.
Otia akacheka, mara ya kwanza tangu Oktoba.
"Subiri. Huyu ana akiba."

Shuleni hawakutufundisha
kwamba jike wa gapi huhifadhi mbegu ya dume miezi kadhaa,
humzaa mtoto wa mume aliyekwisha kufukiwa;
kwamba hatagi, huzaa vitoto vyenye macho wazi,
vinavyojua kukimbia tangu dakika ya kwanza,
maana wa kwanza kuwala ni mama yao.
Tukavitupia nyuzi za nailoni za kijani
alizofumua kutoka kikapu cha sokoni, viwe msitu wa kujificha.

Kumi na mmoja. Aprili, Jumanne, umeme hakuna.
Tuliwahesabu kwa mshumaa, tukatofautiana, tukahesabu upya.
Wiki ya saba mkia wa mmoja ukaanza kuiva,
rangi ya chungwa, doa jeusi ukingoni,
na Otia akamtambua baba yake.

Leo nina tangi langu, hita yenye taa nyekundu,
na ndoo ya maji inayolala jikoni kila Jumamosi.
Mwanangu huuliza kwa nini kabatini
ninaweka chupa tisa tupu zenye vifuniko.
Za nini, mama? Umeme upo.
Najua upo, namwambia.
Shika hii. Kaza kifuniko.